Jongoo wa timbo la Bamburi

Nimerejea Mombasa baada ya miaka mingi ya kazi za ujenzi Doha, na kila anayekuja kunijulia hali huniuliza kama nimeshakwenda Fort Jesus. Jumapili nikamwambia mpwa wangu twende Bamburi kwa miguu, tupite ufuoni.

"Mjomba, matatu zipo."

Tukaenda kwa miguu.

Tuliteremkia Nyali maji yamekupwa. Mawimbi yameula mwamba kwa chini, juu ukabaki umechomoza. Ukiinama unayaona matumbawe ndani ya jiwe, mistari yake bado ipo, na vipande vya kombe. Miaka kama 125,000 iliyopita mwamba huu ulikuwa hai, chini ya bahari iliyojaa kuliko ya leo. Jiwe hilohilo ndilo lililojenga Mji wa Kale, wazee wakalichoma wakapata chokaa, na tangu 1954 linasagwa Bamburi kuwa saruji. Mimi niliyemimina zege miaka yote hiyo sikuwahi kuinama kulitazama.

Kwenye ufuo wa Pirates hatukukaa. Ngamia, watoto, kelele. Viazi karai nilikula.

Ukivuka barabara ya Malindi unafika kwenye timbo la zamani la kiwanda cha saruji, leo hifadhi ya Haller Park. Palipochimbwa palibaki uwanja mweupe wa jiwe tupu, hapana udongo, jua linaunguza, maji ya munyu hayako mbali chini. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu aina 26 za miti. Zilizostahimili ni tatu, mvinje na mnazi zikiwemo. Mvinje una siri yake: mizizi yake hushirikiana na bakteria kunasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hausubiri mbolea ya mtu. Tabu ikawa majani yake, yale membamba mithili ya sindano. Yalidondoka yakarundikana, hayaozi. Ndipo wakaletwa jongoo, wale weusi wenye miguu myekundu. Wakayatafuna, na kinyesi chao kikawa udongo.

Mpwa wangu alitaka kunisimulia habari za Owen, kiboko yatima wa tsunami ya Desemba 2004, aliyeandamana na kobe Mzee humuhumu hifadhini. Kisa kizuri, kilizunguka dunia. Lakini mimi nilikuwa nimechuchumaa chini ya mvinje nachokoa kwa kijiti: kwanza majani makavu, halafu udongo mweusi wenye unyevu, halafu kijiti kikagonga jiwe jeupe. Jongoo mmoja akajikunja. Kwa maoni yangu, sanamu angestahili huyu.

Kwetu Takaungu tuna timbo letu la mawe ya kujengea, marehemu baba aliliacha wazi, na ndugu wanataka kulifanya jaa la taka. Nimemtuma mpwa wangu aulizie bei ya miche ya mvinje. Jongoo hatununui. Masika ikianza, wamejaa ukumbini kwa dada.