Sina gubu, ni sukari imeshuka
Jamani naomba niseme hili maana linanichoma. Nina kisukari aina ya kwanza, ile ya kuchoma insulini kila siku, na watu wengi wanadhani ukiacha soda na chai ya sukari basi yameisha. Kumbe kinachotuchosha sana sisi vijana ni ya kichwani, yani mawazo na hisia. Sukari ya kwenye damu ikishuka chini ya 4 (mmol/L, kipimo cha kwenye mashine) naanza kutetemeka, jasho jembamba, moyo unaenda mbio, alafu hasira zinakuja zenyewe yani hata mtu akiniuliza tu "vipi leo" namjibu vibaya, na kazini wameshaamua mi nina gubu. Sina gubu wajameni, ubongo unakula glukosi, yani hiyo sukari ya kwenye damu, ikipungua mwili unamwaga adrenalini, ile homoni ya kushtuka, lazima mtu ubadilike. Nikinywa nusu glasi ya juisi nikasubiri dk 15 hivi narudi kuwa yule yule mnayemjua.

Na hata sisi wagonjwa hatufanani. Rafiki yangu wa kliniki ni mtu wa mpangilio, kila kipimo kakiandika kwenye daftari, kwao hakuna friji kwa hiyo insulini anaitunza kwenye chungu ndani ya chungu kingine, katikati mchanga wenye maji, ila mashine ya kupima sukari ikisoma 14, yani imepanda, basi hapati usingizi, anajilaumu mpaka asubuhi. Mimi ni mtu wa watu, shida yangu ni kujidunga harusini huku macho yote kwangu na shangazi anasukuma sahani ya pilau. Ushauri mmoja hauwezi kututosha wote wawili. Natamani sana kliniki watuulize na usingizi na mawazo, sio namba peke yake.