Faini ya euro 60 na barua zilizotunzwa na polisi

Tiketi nilikuwa nayo mkononi. Hapo ndipo roho inaponiuma mpaka leo. Nilikuwa nimeinunua kwa pesa yangu, nimeishika kama mtoto aliyetumwa dukani, na bado nikashushwa kwenye treni pale Nollendorfplatz, watu wakinitazama, kama mdandiaji.

Kosa langu ni kwamba sikuigonga muhuri. Berlin, tiketi ya karatasi ukishainunua bado haijawa tiketi. Kuna kisanduku kimesimama jukwaani, unaichomeka tiketi mdomoni mwake, kinaipiga tarehe na saa. Hapo ndipo inapokuwa halali. Mimi kisanduku nilikiona, nikadhani ni cha kuwekea takataka ndogondogo. Wakaguzi nao hawakuvaa sare. Walikuwa vijana wawili, mmoja na koti la jinzi, mwingine na begi la mgongoni, nikajua ni wanafunzi. Milango ilipofungwa tu Wittenbergplatz, wanafunzi wakatoa vitambulisho. Kutoka hapo mpaka Nollendorfplatz ni kituo kimoja. Dakika moja zaidi ningekuwa salama.

Euro 60. Nilipiga hesabu haraka, zaidi ya laki na nusu ya kwetu. Nikajitetea kwa Kiingereza, kisha kwa mikono, kisha Kiswahili kikanitoka chenyewe: "Jamani, mwanangu, mimi mgeni!" Kijana hakukasirika wala hakucheka. Aliomba pasipoti, akaanza kuandika. Aliniuliza jina langu la ukoo ni lipi. Nikamwambia hilo la mwisho ni la babu, la katikati la baba. Akafikiri, akaandika yote kwa herufi kubwa, akaweka tarehe, saa, na namba ya treni, akanikabidhi nakala kwa heshima kama anayenipa cheti cha ndoa.

Kwa hiyo nilimfikia Mzee nimechelewa dakika ishirini, macho yamenilowa kwa hasira.

Nieleze kwanza nilikuwa nafuata nini. Nilikwenda kwenye semina ya wiki mbili ya kurekodi masimulizi ya wazee. Darasani sina la kusimulia: chakula cha mchana kilikuwa baridi kila siku, na kitanda cha hosteli kililia nikigeuka. Wiki ya pili kila mmoja wetu alipewa mtu wa kuzungumza naye kuhusu miaka ya baada ya vita. Mwenzangu wa Ghana alipewa bibi aliyekuwa akiuza maua. Mimi nikapewa mzee wa miaka 82 aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpenda mwanamume mwenzake. Sitajifanya. Nilimwomba mwenzangu tubadilishane, akakataa.

Mzee alikuwa amesimama nje ya kituo, chini ya kibao cha mawe chenye umbo la pembetatu, rangi ya waridi. Kimepachikwa ukutani tangu 1989. Ndiyo alama waliyoshonewa kifuani, kwenye kambi za Hitler, wanaume waliofungwa kwa kosa hilo. Maneno yake ya Kijerumani mafupi Mzee alinitafsiria: waliuawa kwa kipigo, kisha wakauawa kwa kunyamaziwa. Halafu akaniuliza nalilia nini. Nikampa ile karatasi ya faini.

Aliisoma yote, mbele na nyuma, taratibu, kama mtu anayesoma mkataba wa nyumba. Akasema, "Itunze. Nchi hii haitupi karatasi. Na hii ya kwako wameandika jina sawasawa."

Tuliingia kwenye mkahawa. Kahawa yake ilikuwa ghali kiasi kwamba nilikunywa mpaka ile iliyoganda chini. Huko ndiko nilikosikia habari ambayo, nakiri, sikuwa naijua. Mimi nilidhani vita vilipokwisha 1945 na milango ya kambi kufunguliwa, kila mfungwa alikwenda zake. Kumbe sheria yenyewe, kifungu cha 175, haikuwa ya Hitler. Ilikuwapo tangu 1872. Utawala wa Hitler uliikaza 1935, na baada ya vita Ujerumani Magharibi ikaiacha vilevile ilivyokazwa, neno kwa neno, mpaka 1969. Mwaka 1957 Mahakama ya Katiba ilisema haina tatizo. Wanaume kama 50,000 walihukumiwa katika miaka hiyo ya amani. Waliotoka kambini na ile pembetatu hawakulipwa fidia waliyolipwa wengine, maana serikali iliwahesabu kuwa wahalifu wa kawaida, na wapo waliorudishwa gerezani kumalizia vifungo. Upande wa Mashariki walirudi kwenye sheria ya zamani iliyokuwa nafuu kidogo.

"Vita vilikwisha nina miaka miwili," Mzee akasema. "Nimelelewa kwenye amani. Amani ndiyo iliyonifunga."

Alikamatwa 1962, ana miaka 19. Hakufumaniwa na mtu. Polisi walimkamata mwingine kabisa, wakachukua kitabu chake cha anwani, wakaanza kufuata majina, mmoja baada ya mwingine. Jina la mpenzi wake lilikuwamo. Wakaenda chumbani kwa yule mpenzi, wakafungua droo, wakakuta barua za Mzee, kumi na moja, wakazibeba. Alifungwa wiki sita. Kazi ya uchapaji aliyokuwa akijifunza ikaishia hapo. Mama yake aliwaambia majirani kijana amekwenda kwa shangazi yake.

Alipotoka, alichukua barua zote alizokuwa ameandikiwa na mpenzi wake akazitia kwenye jiko la makaa. Picha pia. Alizichoma mwenyewe, asisubiri mtu. "Kila mtu alichoma," akasema. "Ukiwa na akili, unachoma."

Kisha ikapita miaka mingi, ambayo aliiruka kwa mkono mmoja, hivi, kama anayefukuza nzi. Sheria ilifutwa kabisa 1994. Hukumu za enzi ya Hitler zilibatilishwa 2002, na zile za baada ya vita zikangoja mpaka 2017. Ndipo serikali ikasema itawalipa waliohukumiwa: euro 3,000 kwa hukumu, na 1,500 kwa kila mwaka ulioanza wa kifungo. Mzee akaenda kutafuta faili lake ili aandike maombi. Alilipata. Na ndani ya faili, baada ya maelezo ya polisi na muhuri wa mahakama, zilikuwamo barua zake zote kumi na moja, zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi.

Hapa nilisahau ile euro 60.

Barua alizoziandika akiwa kijana, za mapenzi, hazikuwa na doa wala alama ya mende. Mpelelezi alikuwa amepiga mstari kwa kalamu nyekundu kila penye neno tamu, maana hilo ndilo lililokuwa ushahidi. Mzee alisema alipozisoma alijionea aibu, si kwa mapenzi, ila kwa mashairi. "Yalikuwa mabaya sana. Na huyu polisi amepigia mstari mabaya kuliko yote." Akacheka mpaka mhudumu akageuka.

Zile alizoandikiwa yeye, ambazo angependa kuzisoma zaidi, hazipo. Mwandiko wa yule mpenzi haupo popote duniani isipokuwa sahihi yake chini ya maelezo aliyolazimishwa kutia sahihi.

Siku iliyofuata nilikwenda Schwules Museum, jumba la makumbusho la historia ya watu kama Mzee, lililoanzishwa 1985 na wao wenyewe. Sitalieleza sana, miguu ilikuwa inauma. Lakini nilipata jibu la swali nililokuwa nalo usiku kucha: wanawake je? Kifungu cha 175 hakikuwataja wanawake hata kidogo. Nikadhani basi walisalimika. Mama mmoja niliyezungumza naye alitikisa kichwa. Kwa sababu hawakuandikwa kwenye sheria, akasema, hawakuandikwa mahali. Hao inabidi uwatafute kwenye kesi za talaka, pale mama aliponyang'anywa watoto, au kwenye albamu za picha zilizotolewa na takataka baada ya mazishi, marafiki wawili wamekaa ufukweni na nyuma ya picha pameandikwa tarehe tu.

Mzee alinipeleka pia Tiergarten, bustani kubwa ya Berlin, kuona mnara wa kumbukumbu ya wale wa pembetatu uliojengwa 2008. Ni sanduku kubwa la zege lenye kidirisha kimoja, ukichungulia unaona filamu ya watu wawili wanabusiana. Yeye haupendi. "Maisha yangu yote watu walichungulia dirishani kwangu," akasema. "Sasa wanachungulia kwa heshima." Tulikaa kwenye benchi, baridi imenishika mifupa, akaniuliza kwa Kiswahili mtu kama yeye anaitwaje. Nikasitasita. Nikamwambia neno linalotumika ni shoga, na ni tusi, lakini kwetu pwani mwanamke humwita hivyo mwanamke mwenzake aliye rafiki wa kufa na kuzikana. Mimi mwenyewe ninao mashoga watatu. Likamfurahisha sana. Akasema neno lao la Kijerumani, schwul, nalo lilikuwa tusi, wenyewe wakaliokota miaka ya sabini wakajiita hivyo, na asili yake ni neno la joto la fukuto. Nikamwambia basi Tanga nzima ni schwul kuanzia Januari.

Tanga. Hapo ndipo Mjomba aliponijia, naye sikumwita.

Mjomba alikuwa fundi cherehani Ngamiani. Hakuoa. Chumba cha nyuma cha duka alikaa na rafiki yake, naye fundi, miaka yote niliyowafahamu, na sisi watoto tulimwita huyo rafiki mjomba vilevile. Hakuna aliyeuliza kitu. Kwetu nako kuna kifungu, namba yake 154, kilichoachwa na Waingereza, na adhabu yake ni miaka 30 hadi maisha. Lakini sikumbuki kusikia hata siku moja kikitajwa nyumbani. Mjomba alipofariki, mama na dada zake walifungua sanduku lake, wakasoma karatasi mbili tatu, wakatazamana, wakawasha moto uani. Nilikuwa na miaka tisa. Nilitumwa mafuta ya taa.

Jioni nilimpigia mama mkubwa. Nikamwamkia, akaitikia, akauliza kama nakula. Nikamweleza faini, akasikitika kwa sauti, akataka kujua kwa nini sikulia zaidi. Kisha nikamuuliza: zile karatasi za Mjomba zilikuwa za nini?

Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Wewe mtoto, huko Ulaya wanakufundisha nini?"

"Nauliza tu, mama."

"Barua," akasema. "Zilikuwa barua." Akanyamaza tena. "Yule mwenzake alikuja siku ya arobaini. Alikaa nje na wanaume, hakula. Halafu akaniita pembeni, akaomba cherehani."

"Mkampa?"

"Tukampa. Ile Singer nyeusi. Akaibeba kichwani mwenyewe mpaka barabara ya 12, alikataa mkokoteni."

"Barua hakuziulizia?"

"Aliuliza," mama mkubwa akasema. "Nikamwambia hakukuwa na barua." Halafu akaniuliza kama ile faini lazima nilipe, au naweza kuondoka nayo hivyohivyo.