Naomba Unisimamie

Sijui mahali pengine ambapo wanaume huomba msaada mara nyingi kama ndani ya jimu. Mtu amelala chali kwenye benchi, mbele ya macho yake kuna chuma ambacho hana hakika kama atakirudisha mahali pake, na kabla ya kukiinua humgeukia aliye karibu, ambaye pengine hamjui hata jina, akamwomba amsimamie. Anayeombwa haulizi sababu. Husogea nyuma ya kichwa cha mwenzake, akatanguliza mikono chini ya chuma bila kukigusa, na kungoja. Hakuna anayeona haya wala anayecheka. Jambo hili dogo limenishughulisha kwa muda mrefu, kwa kuwa wanaume haohao, nami nikiwamo, tukishatoka nje ya mlango ule hatuthubutu kumwambia hata ndugu wa damu kwamba mzigo umetuelemea.

Niliitambua tofauti hiyo mwaka aliofariki baba yangu. Waliokuja kunipa pole niliwajibu wote kwamba nimeshapoa, nao wakaridhika, kwa sababu hilo ndilo jibu linalotarajiwa kwa mwanamume mtu mzima. Wiki chache baadaye usingizi ulinipaa, chakula kikakosa ladha, nami nikaacha mazoezi kimyakimya nikidhani hakuna atakayegundua. Siku ya kumi na moja uliingia ujumbe mfupi kwenye simu yangu: "Leo ni siku ya miguu. Uko wapi?" Aliyeuandika alikuwa mwenzangu wa zamu ya jioni, ambaye kwa miaka miwili tulikuwa tumezungumzia magoti, viatu na karibu hakuna kingine. Kama angeniuliza ninajisikiaje, ningemjibu kwamba niko salama na kurudi kitandani. Lakini swali lake halikuhitaji maelezo, lilihitaji niende tu. Nilikwenda. Kati ya seti ya tatu na ya nne, bila kupanga, nilimwambia kwamba sijalala vizuri tangu mazishi. Hakunigeukia. Aliendelea kutazama kioo kilichokuwa mbele yetu, akafuta mikono, akasema, "Endelea, nakusikia."

Nimekuja kuamini kwamba kioo kile kilinisaidia kama alivyonisaidia yeye. Mapumziko ya dakika mbili au tatu kati ya seti ni muda mfupi kiasi kwamba mazungumzo hayawezi kugeuka mahojiano, na mtu akijutia alichosema ana chuma cha kukimbilia. Nchini Australia, ambako karakana za wanaume zilienea kuanzia miaka ya 1990 ili wastaafu wapate mahali pa kutengeneza vitu pamoja, wenye karakana hizo wana msemo kwamba wanaume hawazungumzi uso kwa uso bali bega kwa bega. Sisi hatutengenezi viti, lakini msemo huo unatuhusu.

Jambo hili lina uzito wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na kiwango cha wanaume ni takriban mara mbili ya kile cha wanawake, ingawa sonona hugunduliwa zaidi kwa wanawake. Kwa upande wa mazoezi yenyewe, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, ukijumlisha majaribio 33 yenye washiriki 1,877, ulionyesha kwamba kunyanyua vyuma hupunguza dalili za sonona, na kwamba nafuu hiyo haikutegemea kiasi cha nguvu ambacho mtu aliongeza. Kwangu mimi, niliyebaki palepale kwa uzito uleule mwaka mzima, hiyo ni habari njema. Wapiga makasia wa Chuo Kikuu cha Oxford nao, katika utafiti wa mwaka 2010, walivumilia maumivu zaidi baada ya kuvuta pamoja kwenye mashine za ndani za kupigia makasia kuliko baada ya kufanya kazi ileile kila mmoja peke yake, ijapokuwa jasho lililotumika lilikuwa sawa.

Hata hivyo, si kila jimu ni kimbilio. Niliwahi kujiunga na moja ambako anayeanza alichekwa kwa uzito mdogo, na ambako sindano za kukuza misuli zilizungumzwa kwa uwazi kuliko huzuni. Kuna maradhi ya kujiona mwembamba hata misuli ikiwa imejaa, ambayo kundi la daktari wa akili Harrison Pope liliyapa jina mwaka 1997, na mtu anayeacha homoni hizo za misuli ghafla anaweza kutumbukia katika sonona nzito. Kioo kilekile kilichonipa nafasi ya kusema kinaweza kumwangamiza mwingine, na kwa maoni yangu kinachoamua ni tabia ya wakongwe wa pale: wanamwonaje mtu aliyeshindwa kukiinua chuma.

Mwenzangu hakujifanya tabibu. Baada ya mwezi mmoja hivi wa kunisikiliza, tukiwa tunarudisha vyuma mahali pake, aliniambia kwamba suala langu limezidi uzito wa watu wawili na kwamba anamfahamu mshauri nasaha aliyemsaidia yeye mwenyewe alipoachana na mkewe. Miaka miwili tumesimamiana nyuma ya benchi, na hilo la mkewe ndiyo kwanza nalisikia. Siku ya miadi alinisindikiza, akakaa kwenye kiti cha nje akiwa na begi lake la mazoezi mapajani, na nilipotoka baada ya saa nzima hakuniuliza tulichozungumza. Alisimama, akatazama saa, akasema kwamba tukitembea haraka tutawahi benchi kabla ya watu wa jioni.