Siku niliyosimama mbele ya mifupa ya Pizarro

Mwaka 2002 meli yetu ilifunga gati Callao, bandari ya Lima, kupakia unga wa samaki. Harufu yake ilitufuata hadi vitandani, kwa hiyo tulipopewa ruhusa ya kushuka nusu siku hakuna aliyetaka kubaki. Wenzetu walikwenda madukani. Mimi na serahangi wetu, mzee wa Lamu, tukapanda basi hadi uwanja mkuu wa mji.

Pembeni alikuwapo mtu wa shaba juu ya farasi, upanga mkononi. Nikamwambia mzee ndiye Francisco Pizarro, Mhispania aliyeuasisi mji huu mwaka 1535. "Twende tukamwone, basi," akasema, maana nilishamweleza kwamba mifupa yake imo ndani ya kanisa kuu.

Mlinzi alitusimulia kwa Kiingereza cha kuokoteza. Kwa miaka mingi watu walionyeshwa maiti mkavu ndani ya sanduku la kioo, wakiambiwa ndiye. Kisha mwaka 1977 mafundi waliokuwa wakifanya kazi chini ya kanisa wakakuta kisanduku cha madini ya risasi chenye fuvu, kimeandikwa kwamba hiki ni kichwa cha Pizarro, aliyezishinda falme za Peru na kuzitia katika taji la Castilla, yaani la Hispania. Wataalamu walipoichunguza ile mifupa walikuta majeraha mengi ya upanga. Yule wa kioo akaondolewa.

Mzee alitaka kujua aliuawa na nani, nami nikamweleza niliyoyasoma. Mzaliwa wa Trujillo ya Hispania, mtoto wa nje ya ndoa, hakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1513 alivuka Panama pamoja na Balboa, mpelelezi Mhispania mwenzake, wakaiona Bahari ya Pasifiki. Baadaye yeye ndiye aliyetumwa kumkamata huyo huyo Balboa. Tarehe 16 Novemba 1532, akiwa na watu 168, alimteka Atahualpa, mfalme wa Wainka waliotawala Peru, mjini Cajamarca. Atahualpa akaahidi kujaza chumba dhahabu mara moja na fedha mara mbili ili aachiliwe. Vikaletwa kutoka kila pembe ya nchi, vikayeyushwa, wakagawana. Julai 1533 wakamnyonga.

"Fidia kaipokea, na mtu kamwua?" Mzee alisema kwa sauti, mpaka watu wakageuka. "Mwanangu, hata maharamia hawafanyi hivyo."

Nikamalizia haraka: aligombana na mshirika wake Almagro, Almagro akauawa, na mwaka 1541 wafuasi wa Almagro wakamvamia Pizarro nyumbani kwake.

Lakini mimi nilikuwa nimenaswa na lile taji. Mfalme aliyepewa Peru alikuwa Carlos. Mwanawe, Felipe, alikuja kutawala na Ureno pia, na ni chini yake ndipo Fort Jesus ilipoanza kujengwa, mwaka 1593. Mimi nimekulia Kibokoni, Mombasa; kuta zile tulizitegemea kama kuta za nyumbani. Shuleni tulisema Wareno, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba mfalme wao aliketi Hispania, na fedha za Peru zikimiminika hazinani mwake. Nikahisi baridi miguuni.

Nilimwuliza mlinzi kaburi la Atahualpa liko wapi. Akatikisa kichwa.

Ndani ya basi mzee aliniomba nilitamke tena lile jina. Alilirudia njia nzima, polepole, mpaka likamkaa ulimini.