Nilivyoipeleka kadi ya Olajuwon ya 1986 ikapewe gredi

Mimi naishi Houston, na hapa Hakeem Olajuwon, yule mcheza kikapu, ni habari nyingine kabisa, jamaa katoka Lagos akaja kuwapa Rockets, timu yetu ya kikapu, ubingwa wa NBA 1994 na tena 1995, kwa hiyo nilipoipata kadi yake ya kukusanya ya kampuni ya Fleer ya 1986, ile namba 82 yenye jina Akeem bila H, sikutaka ikae tu kwenye droo. Nilitaka waikague wanaojua, waipe gredi kati ya 1 na 10 na waifunge kwenye plastiki ngumu. Kuuza siuzi.

Kazi kubwa iko nyumbani kabla hujatuma. Usiku nilizima taa nikabaki na tochi ya simu, nikawa naiinamisha kadi taratibu, maana mikwaruzo ya juu huioni ukitazama moja kwa moja, inajitokeza mwanga ukipita kwa pembeni. Halafu kona zote nne kwa kioo cha kukuzia. Toleo hili lina mipaka ya rangi, nyekundu na bluu, basi karatasi ikichubuka kidogo tu weupe unachomoza. Nikapima kwa rula mpaka wa kushoto na wa kulia, picha imesogea, kama 65 kwa 35 hivi, yaani mpaka mmoja ni mpana karibu mara mbili ya mwingine, nikajua hapo 10 haipo hata kona zingekua safi vipi. Ukubwa pia nikapima, inchi 2.5 kwa 3.5, sababu kuna watu wanapunguza kingo ili kona zionekane kali, na kadi iliyokatwa inarudi bila namba ya gredi.

Feki nazo ni nyingi kwenye toleo hili, hasa ile ya Michael Jordan namba 57. Mimi niliiweka ya kwangu pembeni ya kadi za bei rahisi za toleo hilohilo nikalinganisha karatasi, rangi na vile vidoti vya uchapaji.

Kusafisha, nilipangusa vumbi kwa kitambaa laini kikavu basi. Jamani msiguse maji wala raba ya kufutia, wanaona.

Kampuni ya kutoa gredi nikachagua PSA kwa vile kadi zangu nyingine ziko huko, ila wenzao SGC nao kwa kadi za zamani wako vizuri sana. Kwenye fomu unaandika thamani ya kadi na ada inategemea hapo, kwa hiyo niliangalia bei ambazo watu wamelipa kweli kwa gredi niliyokua naitegemea, sio bei ambazo wauzaji wanajitajia. Kadi ikaingia kwenye mfuko laini, kisha kwenye kishikio cha Card Saver, cha plastiki inayopinda kidogo, maana plastiki ngumu kabisa inawasumbua kuitoa, nikaiweka katikati ya vipande viwili vya kadibodi, raba bendi, boksi, na bima ya posta juu.

Imerudi 7! Nilikua nategemea 6 au 7, kwa hiyo nimefurahi mno, na namba ya cheti nimeitafuta kwenye tovuti yao nikaikuta. Sasa iko kwenye shelfu mbali na dirisha, jua linapausha rangi hata ndani ya plastiki.

Kadi za Mutombo, mcheza kikapu wetu wa Kongo, za 1991 ninazo pia na nazipenda sana, lakini miaka ile zilichapwa nyingi mno, ada ya kuzipima inazidi bei ya kadi yenyewe, hizo nimeziacha kwenye albamu.