Mbwa Akiharisha: Vipimo Vyangu vya Wali, Kuku na Boga

Mbwa wangu ana kilo 18, na vipimo vyote hapa ni vya uzito huo. Mwenye mbwa wa kilo 9 achukue zaidi kidogo ya nusu.

Kabla ya kuinjika sufuria, naangalia dalili zinazokataza tiba ya nyumbani. Kinyesi chenye damu au cheusi kama lami, kutapika kusikokoma, kulegea, fizi zilizopauka: hapo ni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo hasubirishwi hata kidogo, maana parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, humkausha maji upesi mno. Navuta pia ngozi ya juu ya mabega na kuiachia. Ikichelewa kurudi, mwili umeshapungukiwa maji, na wali hautamsaidia.

Akiwa mchangamfu na anakunywa maji, napika. Kikombe 1 cha mchele mweupe kwa vikombe 4 vya maji, mpaka ulainike kabisa. Pembeni nachemsha kidari cha kuku, gramu 200 hivi, bila ngozi wala mifupa, kisha nakichambua nyuzinyuzi. Sitii chumvi, mafuta wala tui la nazi. Kitunguu, kiwe maji au saumu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, kwa hiyo makombo ya pilau hayafai hata akiwa mzima. Mafuta nayo yanaweza kuchokoza kongosho.

Vikombe 3 vya wali na 1 cha kuku ni chakula cha kutwa. Siku ya kwanza natoa nusu yake tu, nikiigawa milo 5. Hapa ndipo wengi hukosea: mbwa ana njaa, anaonewa huruma, bakuli linajazwa. Utumbo uliochokozwa haumudu mzigo huo. Chakula kinapita kikiwa maji, halafu lawama inaangukia wali. Kila mlo naongeza kijiko 1 cha chakula cha boga lililochemshwa na kupondwa, kwa kuwa nyuzi zake hushika maji na kukipa kinyesi umbo. Maziwa simpi; mbwa wengi wakubwa hawaimudu sukari iliyomo.

Kinyesi kikishika umbo kwa siku nzima, narudisha chakula chake cha kawaida, ugali wa dona na dagaa: siku 2 robo, siku 2 nusu, siku 2 robo tatu. Dagaa nawaosha kwa maji mengi mara 3, kwani mchanga na chumvi vinatosha kuanzisha shida upya. Kinyesi kikilegea tena, narudi hatua moja tu nyuma.

Tafadhali, wali na kuku visigeuzwe chakula cha kudumu kwa sababu tu vimemponya. Vina kalsiamu kidogo mno, na mwili utaichota kwenye mifupa. Mtoto anayekua anaweza kupinda miguu.

Siku 3 zikipita bila nafuu, naacha kubahatisha. Minyoo na giardia, vijidudu vya utumboni, haviondoki kwa chakula. Nachukua kinyesi cha asubuhi hiyo, kiasi cha kijiko cha chai, kwenye kichupa safi chenye kifuniko, nakifikisha kwa daktari kabla hakijakauka ili kipimwe.