Salamu niliyoiacha Twywell

Leo siku ya tano na bado najiuliza kwa nini sikusema "sijambo".

Neno lenyewe dogo. Nimelisema tangu naanza kuongea, nimelisema leo asubuhi kwenye simu na dada Rehema bila hata kulifikiria. Jumapili mtu alikuwa analisubiri kutoka kwangu, likakwama.

Mnajua nilivyoingoja safari hii. Kila nikipanga, zamu inaingilia. Na Twywell yenyewe si mbali, iko humu humu Northamptonshire, kati ya Kettering na Thrapston: nyumba za mawe, njia nyembamba, kijito, na kanisa la Mtakatifu Nicholas ambalo sehemu zake zimesimama tangu enzi za Wanormani. Baba Zawadi akanishusha kanisani, akawapeleka watoto kwenye machimbo ya zamani ya mawe ya chuma, ambayo siku hizi ni hifadhi ya miti na vipepeo. (Zawadi kapata chuo, alhamdulillah, na mimi nimehamishwa wodi. Hayo nitayaandika yakitulia.)

Nilikwenda kwa ajili ya Chuma na Susi, wale Waafrika wawili waliosafiri na David Livingstone, mmisionari na mvumbuzi wa Kiskoti. Nilitaka kusimama mahali walipokaa.

Uani mwa kanisa nikamkuta bibi mmoja anabadilisha maua kwenye kaburi. Ana mkasi wa bustani, glovu moja mkononi na nyingine imening'inia mfukoni mwa koti. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Kettering. Akaendelea kuniangalia kwa upole, nikaelewa anauliza nini. Nikasema Tanga, Tanzania.

Akauweka mkasi chini. Akajinyoosha, taratibu, kwa sababu mgongo ulikuwa unamsumbua, akanitazama usoni na kusema: "Hujambo."

Nami nikamjibu kwa Kiingereza kwamba mimi mzima, asante, na yeye je?

Hakukasirika. Alitabasamu, kisha akaniambia kwamba mumewe alifanya kazi Tabora kabla ya uhuru, na katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa akimwamsha kwa neno hilo. "Lilikuwa na jibu lake," akasema. "Kujibu ilikuwa kazi yangu, na sasa nimelisahau jibu."

Hapo hapo honi ikapigwa. Idi alikuwa kashika majani yawashayo, analia kijiji kizima kinasikia. Nikamwomba bibi radhi, nikakimbia. Nilipofunga mlango wa gari niligeuka nikamwona ameshainama tena kwenye maua yake.

Nimelirudia tukio hili nikioga, nikiwa zamu, nikipanga dawa za wagonjwa. Lile neno lilitoka likiwa zito, herufi zimebanwa kwa lafudhi ya huku, lakini nililisikia vizuri. Sikio lilisikia Kiswahili. Ni ulimi tu, umezoea kwamba uso wa namna ile hujibiwa kwa lugha ile. Miaka kumi na moja huku imeufundisha hivyo. Na hata aliponiambia waziwazi kwamba anatafuta jibu, nilikuwa nalo mdomoni, silabi tatu!

Baba Zawadi anasema niachane nalo. Mama nilipomsimulia jana usiku alinyamaza kwanza. Halafu: "Mtu mzima kakuanza yeye kwa salamu? Mwanangu, ilikuwa wewe umpe shikamoo kabla hajafungua kinywa." Nikasema ni kweli, mama. Akasema, "Sasa hata alipokuanza yeye, hukumwitikia." Sikuwa na la kusema.

Nilipokosa usingizi nikakaa jikoni na ule ufupisho niliouandika wa habari za Chuma na Susi, na kitu kikabadilika moyoni.

Wale watu walifika Uingereza wamechelewa. Livingstone alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Wao na wenzao wakauzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwenye magome ya mti na turubai, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Walipofika Unyanyembe, hapo hapo Tabora ya mume wa yule bibi, Cameron, afisa Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone, alikuwa amekuja na msafara wake kutoka pwani, akawashauri wamzike huko huko. Wakakataa. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Aprili 18 akazikwa Westminster Abbey, na kati ya wote waliombeba, aliyekuwepo ni Jacob Wainwright peke yake. Chuma na Susi walikuja baadaye, nauli ikalipwa na James Young, rafiki wa marehemu. Wakakuta kaburi limeshafungwa. Kila nikifika hapa koo linanibana.

Lakini ndipo walipokuja Twywell, nyumbani kwa Horace Waller, aliyekuwa kasisi wa hapa tangu mwaka huo huo wa 1874. Waller alikuwa anaandaa shajara za mwisho za Livingstone zichapishwe. Na shajara ile inakatika Aprili 27, siku chache kabla ya kifo, mkono ulipokosa nguvu. Yaliyofuata, nani angeyajua? Usiku ule wa mwisho, kibanda, mvua, safari nzima ya maiti: yalitoka vinywani mwa hawa wawili. Waliulizwa, wakaeleza, yakaandikwa. Chuma alikombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861 akiwa bado mtoto. Sasa alikuwa kijana, amekaa kwenye nyumba ya kasisi katika kijiji cha Kiingereza, anamalizia kitabu cha mtu mwingine. (Jina lake ni la Kiyao, najua, lakini kwangu Mswahili kuna utamu kuliona jina Chuma katika kijiji cha mawe ya chuma.)

Na wakiwa wawili tu jioni, kazi imekwisha, mmoja Myao, mwingine mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, wote wametembea miaka na misafara iliyoanzia Unguja, naamini walizungumza Kiswahili. Naamini "hujambo" lilishasemwa Twywell kabla yangu na kabla ya yule bibi, na likajibiwa.

Nikainuka nikatafuta kadi. Ile ya ua jekundu aliyoninunulia Zawadi sikuwa nimeitumia. Nimeandika mstari wa kwanza "Shikamoo", wa pili "Sijambo", na chini nimemweleza kwa Kiingereza kwamba jibu alilokuwa analitafuta ni hilo la pili, lisomwe kama linavyoandikwa. Jina lake silijui. Nitaipeleka mwenyewe Jumapili ijayo, na nisipomkuta nitaiacha kwenye maua.

Nimelala vizuri saa tatu tu, lakini nimelala.

Kitu kingine. Jana mama, katikati ya kunigombeza, alisema miguu imevimba "kidogo" tangu Jumatatu. Mama hatumii neno "kidogo" ovyo, hutumia anapoficha. Nimemwambia Salimu ampime presha na abonyeze kifundoni aone kama shimo linabaki. Hapa ni saa nne usiku, Tanga saa sita, ujumbe umesomwa na hajajibu.